Mali bila Daftari: Historia Fupi ya Programu za Kutunza Diski

Wahenga wetu wa Pwani walikuwa watu wa biashara, ndiyo maana wakatuachia usemi huu: mali bila daftari hupotea bila habari. Ndugu msomaji, utaniambia wahenga hawakuijua kompyuta. Ni kweli. Lakini walilijua ghala, na walimjua karani. Walijua kwamba gunia la karafuu lisiloandikwa popote ni sawa na gunia lisilokuwapo, hata kama limelala palepale sakafuni na watu wanaliruka kila siku wakienda na kurudi.

Diski ya kompyuta ni ghala la namna hiyohiyo. Na sisi vijana tunaoandika, mali yetu yote sasa imo humo. Hadithi, tamthilia, mashairi, hata zile barua ambazo hatukuwa na ujasiri wa kuzipeleka. Lakini ukiuliza kwenye kikao cha waandishi, "Jamani, diski zenu mnazitunzaje?", utajibiwa kwa kicheko. Au utatajiwa programu moja ambayo mtu aliisikia kwa fundi. Uliza kwa nini hiyo na si nyingine: kimya!

Kwa hiyo nimeona nichimbe historia kidogo. Programu za kutunza diski hazichagulikani kwa sifa wala kwa rangi za boksi. Kila moja ilizaliwa kutibu ugonjwa fulani, katika ghala la aina fulani. Asiyejua ugonjwa anaweza kumeza dawa ya jirani, na sote tunajua mwisho wake.

Ghala na karani wake

Ghala la kwanza la aina hii lilitoka Marekani, San Jose, California, mwaka 1956. Kampuni ya IBM ilitoa mtambo ulioitwa RAMAC, wenye sahani 50 zilizopakwa sumaku, kila sahani ikiwa na upana wa inchi 24, zote zikizunguka kwenye mhimili mmoja. Uzito wake ulikaribia tani nzima. Uwezo wake? Herufi milioni 5. Yaani riwaya kumi au kumi na mbili za unene wa kawaida, basi.

Tuvuke miaka 25. Agosti 1981 IBM ikatoa kompyuta yake ya mezani, ile ambayo kompyuta nyingi za leo ni wajukuu zake. Haikuwa na diski kuu kabisa. Ilitumia flopi za kilobaiti 160. Machi 1983 ukaja mtambo wa XT ukiwa na diski kuu ya megabaiti 10, na hapo ndipo kasheshe ya matunzo ilipoanza. Flopi yenye faili ishirini unazijua zote kwa majina, kama mama anavyowajua wanawe. Diski yenye faili elfu moja na zaidi inamhitaji karani.

Karani huyo alikuwa na daftari lake, na jina la daftari ni FAT, yaani jedwali la kugawa nafasi. Lilibuniwa mwaka 1977 na Marc McDonald wa Microsoft. Liko hivi: diski hukatwa vyumba vidogo vinavyolingana, viitwavyo klasta. Faili kubwa haienei katika chumba kimoja, kwa hiyo hugawanywa. Daftari huandika: faili hii inaanzia chumba cha 40, kisha nenda cha 41, kisha ruka hadi cha 97, mwisho. Ni kama hadithi za magazetini. Unasoma ukurasa wa tatu, mambo yanapopamba moto unaambiwa "inaendelea ukurasa wa 14". Ukurasa wa 14 ukichanwa ukafungiwa maandazi, hadithi imekufa ingawa nusu yake unayo mkononi.

Ukilielewa hilo, umeshayajua magonjwa yote ya diski. Nayahesabu manne. La kwanza, mwenye mali mwenyewe anafuta kitu bila kukusudia. La pili, daftari linavurugika: karani amekatizwa katikati ya sentensi, faili mbili zinadai chumba kimoja, au vyumba vingine vina maneno lakini havimo katika orodha ya mtu yeyote. La tatu, faili zinatawanyika: vipande vyake viko pembe zote za ghala, mkono wa kusomea unakimbia huku na huko, kompyuta inakuwa nzito. La nne, ghala lenyewe linaoza: sumaku imechakaa, sehemu hazisomeki.

Magonjwa manne, dawa nne. Watu wengi huyachanganya yote na kuyaita "kusafisha kompyuta". Hapo ndipo maafa yanapoanzia.

Bwana aliyefumbata mikono

Dawa ya ugonjwa wa kwanza ilitoka kwa Peter Norton, Mmarekani aliyekuwa ameandika programu za mitambo mikubwa kwa miaka mingi, na ambaye wakati fulani wa maisha yake alikaa miaka kadhaa katika nyumba ya watawa wa Kibudha. Kazi za viwanda vya ndege zilipopungua, akaachishwa. Akajinunulia kompyuta ya IBM zilipotoka tu, akaanza kujitafutia riziki. Siku moja akafuta faili kwa bahati mbaya.

Mtu mwingine angesonya, akaandika upya. Norton akajiuliza swali la karani: je, gunia limetoka ghalani, au limefutwa daftarini tu? Kumbe lilikuwa limefutwa daftarini tu. DOS, mfumo uliokuwa ukiendesha kompyuta hizo, ulipoambiwa ufute faili haukugusa maneno yaliyomo. Ulibandika alama juu ya herufi ya kwanza ya jina la faili, kisha ukaandika kwamba vyumba vyake viko wazi. Basi. Norton akatunga programu iliyokwenda pale, ikamuuliza mwenye faili ile herufi ya kwanza, ikaunganisha vyumba tena. Faili ikafufuka.

Mwaka 1982 akaanza kuziuza programu zake kwa jina la Norton Utilities. Picha yake amefumbata mikono kifuani, shati limekunjwa mikono kama daktari anayeingia chumba cha upasuaji, ikaja kuwa alama inayojulikana duniani. Mwaka 1990 aliiuza kampuni yake kwa Symantec kwa dola za Marekani zipatazo milioni 70.

Lakini tazama sharti lililojificha ndani ya dawa hiyo. Chumba kilichoandikwa "wazi" kinaweza kupewa mpangaji mwingine dakika yoyote. Ukifuta faili kisha ukaendelea kuandika mambo mengine, unawaingiza wapangaji wapya juu ya mali yako. Ndiyo maana sheria ya kwanza ya kufufua faili ni kuacha kila kitu. Usifungue, usihifadhi, usisakinishe chochote kwenye diski ile.

Nalisema hili kwa uchungu. Mwenzetu mmoja katika kikundi chetu cha uandishi alifuta folda ya riwaya yake mwaka 2006. Sura kumi na moja. Akampelekea fundi mmoja wa mtaani, kijana mchangamfu, mwenye jina zuri kwa wateja. Fundi akapakua programu ya kufufua faili, na akaisakinisha wapi? Kwenye diski ileile. Programu ya uokozi ikakaa juu ya vyumba vya riwaya. Sura saba zilirudi. Sura ya nne hadi ya saba zilirudi zikiwa vipande, aya ya hadithi imeshikana na mistari ya alama za ajabuajabu. Yule mwenzetu aliziandika upya kwa miezi mitatu, lakini mwenyewe anasema wahusika walikuwa wameshahama.

Programu haikuwa mbaya. Ilikuwa programu sahihi iliyotumiwa na mtu asiyejua historia yake.

Mashindano ya mafundi

Norton hakubaki peke yake sokoni. Huko Oregon kampuni ya Central Point Software ilitoa PC Tools, na kwa miaka kadhaa hao wawili wakawa kama Simba na Yanga: ukiwa wa huku huwezi kuwa wa kule. California alikuwapo Steve Gibson, ambaye mwishoni mwa miaka ya 1980 alitoa SpinRite. Hii ilitibu kitu ambacho vijana wa leo hawakipati kabisa. Diski za wakati ule zilizunguka haraka kuliko kompyuta ilivyoweza kumeza. Ilipomaliza kusoma sekta moja, inayofuata ilikuwa imeshapita chini ya mkono, na ikabidi kungoja mzunguko mzima. Ni kama kukosa daladala kwa sekunde moja: unasubiri iende hadi mwisho wa njia, igeuze, irudi. Dawa ilikuwa kuzipanga sekta kwa kurukaruka, ili inayofuata ifike wakati kompyuta iko tayari. SpinRite ilihamisha data, ikapanga upya sekta kwa mruko unaofaa, ikarudisha data mahali pake.

Halafu diski zikaanza kuja na ubongo wake ndani. Kazi ile ya mruko ikafa. SpinRite haikufa, iligeukia kusoma sekta dhaifu zilizokataa kusomeka. Jina lilelile, ugonjwa mwingine. Mtu anayekusimulia alivyoitumia mwaka 1989 anazungumzia dawa nyingine kabisa.

Microsoft nayo haikukaa kimya. Ilikodi spana za mafundi hao na kuziweka ndani ya DOS yenyewe. MS-DOS 5 ya mwaka 1991 ilikuja na programu ya kufufua faili iliyotoka Central Point. MS-DOS 6, Machi 1993, ilikuja na Defrag, programu ya kukusanya faili zilizotawanyika, iliyotoka Symantec. Wengi bado tunavikumbuka vile visanduku vya rangi vikihama mmoja mmoja kwenye skrini, mtu amekaa na kikombe cha chai anavitazama kama anatazama mpira. Kulikuwa na raha yake. Ulihisi nyumba inafagiliwa.

Toleo hilohilo lilileta DoubleSpace, programu ya kubana diski ili iingize vitu mara mbili. Ujanja wake ulikuwa kulifanya ghala zima kuwa faili moja kubwa. Likipasuka mahali pamoja, zinamwagika zote. Watu wakalalamika kupoteza kazi. Novemba mwaka huohuo likatoka toleo la 6.2 likiwa na ScanDisk, daktari wa daftari, na ulinzi zaidi kwa hiyo DoubleSpace. Februari 1994 baraza la mahakama huko Marekani likaamua kwamba Microsoft ilikiuka haki za uvumbuzi za kampuni ya Stac, iliyokuwa na programu ya kubana diski kabla yao, na ikatakiwa kulipa dola milioni 120. Mwaka huohuo Symantec ikainunua Central Point. Simba na Yanga wakawa mali ya tajiri mmoja, na aliyekuwa akibishana kipi bora hakuwa tena na mashindano ya kubishania.

Kompyuta zilivyotufikia

Wakati hayo yakitendeka huko, sisi tulikuwa wapi? Mwaka 1974 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, na masharti hayo yalilegezwa polepole baadaye. Kwa hiyo tulipokutana na mashine hizi kwa wingi, tulizikuta zikiwa na historia ndefu tusiyoijua. Nyingi zilikuwa zimeshatumika Ulaya au zimepitia Dubai, zikiwa na programu za wenyewe ndani yake, funguo na vitabu vya maelezo vikiwa vimebaki hukohuko. Tulirithi spana bila kuelezwa ni za nati gani.

Na tulikuwa na adui ambaye watunga programu wale hawakumfikiria sana: umeme kukatika. Ugonjwa wa pili, wa daftari kuvurugika, kwao ulikuwa ajali. Kwetu ulikuwa ratiba. Katika miaka ya ukame na mgao, 2006 kwa mfano, na tena 2011, karani alikatizwa katikati ya sentensi mara ngapi kwa wiki? Kila umeme uliporudi, skrini ya bluu ya ScanDisk ilikuwa ya kwanza kutusalimu. Watu wakaichukia, wakajifunza kubonyeza kitufe cha kuiruka ili wafike kwenye kazi zao haraka. Hapo walikuwa wanaingia ghalani na kuongeza magunia juu ya daftari lililochanika. Usipoziba ufa utajenga ukuta, lakini nani alikuwa ametueleza kwamba ile skrini ya bluu ndiyo ilikuwa inaziba ufa?

Daftari likibadilika

Agosti 1995 ilitoka Windows 95, na hiki ndicho kisa ninachowapenda sana kuwasimulia wenzangu. Kabla yake jina la faili lilikuwa herufi nane tu na nyongeza ya tatu. Windows 95 ikaruhusu majina marefu. Ukaweza kuiita kazi yako "Barua kwa Shangazi sura ya tatu" badala ya kubana-bana. Lakini daftari lilikuwa lilelile la zamani, lisilo na nafasi ya majina marefu. Wakafanya ujanja: jina fupi, BARUAK~1.DOC, likaandikwa mahali pake pa kawaida, na jina refu likafichwa kwenye mistari ya pembeni yenye alama ambazo programu za zamani zingezipita.

Sasa chukua programu ya kutunza diski ya mwaka 1993, nzuri, ya kulipia, iliyokuokoa mara kumi. Iendeshe kwenye diski hiyo. Inaiona ile mistari ya pembeni, haiijui, inaiona kama uchafu. Inafanya kazi yake kwa uaminifu: inafagia. Majina yako yote marefu yanapotea, unabaki na msitu wa BARUAK~1 na BARUAK~2. Microsoft ililijua hilo, ndiyo maana Windows 95 ilizizuia programu za aina hiyo zisiandike moja kwa moja kwenye diski mpaka mwenyewe ufungue kufuli kwa amri maalumu. Mwaka 1996 likaja daftari jipya, FAT32, na spana za zamani hazikuweza kulisoma kabisa.

Unaona? Kilichobadilika ni ghala. Fundi alibaki vilevile, stadi na mwaminifu, na ndipo akawa hatari.

Kulikuwa pia na nyumba nyingine ambako baadhi ya magonjwa haya hayakupewa nafasi tangu mwanzo. Chuo Kikuu cha California, Berkeley, Marshall Kirk McKusick na wenzake walieleza mwaka 1984 mfumo wao wa faili wa Unix. Uliviweka vipande vya faili moja karibu karibu, na ukaacha kama asilimia 10 ya diski wazi ili karani apate pa kujipangia. Mtawanyiko ukapungua wenyewe. Linux ilifuata njia hiyo katika mfumo wake wa ext2 wa mwaka 1993. Wenzetu wanaohamia Linux huja wakiuliza, "Defrag iko wapi?" Ni sawa na mtu aliyehamia nyanda za baridi kali akauliza chandarua kiko wapi.

Tena ikaja mbinu ya kumbukumbu ya hatua. Kabla karani hajagusa daftari kubwa, anaandika kwenye karatasi ya pembeni anachotaka kufanya. Umeme ukikatika, ukirudi anasoma karatasi ile na kumalizia au kufuta. NTFS, mfumo uliokuja na Windows NT mwaka 1993, ulikuwa nayo. Linux ikaipata katika ext3, iliyoingizwa rasmi mwaka 2001. Ni hatua kubwa kwa watu wa mgao kama sisi. Ila tusidanganyike: inalinda daftari. Aya uliyokuwa hujaihifadhi haimo kwenye karatasi yoyote.

Diski isiyozunguka

Leo kompyuta nyingi mpya hazina sahani inayozunguka. Zina SSD, diski ya chipu. Hakuna mkono unaokimbia, kwa hiyo faili kutawanyika hakuichoshi. Kinyume chake, kila chumba cha chipu kina idadi ya kuandikwa kabla hakijachoka. Ukiipanga diski hiyo kila wiki kwa programu ya kizamani, unapunguza uhai wake bure. Windows 7, ya mwaka 2009, ilikuwa tayari inaacha kuzipanga SSD ilizozitambua. Kazi ya matunzo ikawa kuiambia diski ni vyumba vipi havihitajiki tena, ili iviandae yenyewe. Amri hiyo inaitwa TRIM, na mfumo unaituma bila kukusumbua.

Zingatia maana yake kwa waandishi. Kwenye diski nyingi za aina hii, faili iliyofutwa inaweza kusafishwa kweli baada ya muda mfupi. Ule muujiza wa Norton ulitegemea ghala mvivu lisilotoa magunia. Ghala hili si mvivu. Aliyezoea kusema "nikifuta nitafufua" anaishi mwaka 1982.

Na fundi umemwamini kwa nini?

Kuna swali jingine ambalo historia inatulazimisha kuuliza. Programu ya kutunza diski hupewa funguo zote za nyumba. Mwaka 2000 maofisa wa Ujerumani walitilia shaka Windows 2000 kwa sababu programu yake ya kupanga diski ilitengenezwa na kampuni ambayo mkuu wake alikuwa muumini wa Sayansitolojia, kundi ambalo serikali ya huko ilikuwa inalifuatilia. Hofu ilikuwa ni nani yumo ghalani usiku. Microsoft ililazimika kutoa maelekezo ya kuiondoa programu hiyo.

Wapo waliocheka. Lakini mwaka 2017 wadukuzi waliingia kwa watengenezaji wa CCleaner, programu ya usafi iliyopendwa na mamilioni, wakapachika programu ya ujasusi ndani ya toleo halali, na ikasambazwa kwenye kompyuta zaidi ya milioni 2 kabla haijagunduliwa. Watu walipakua kutoka mlango sahihi, wakapokea mwizi aliyevaa sare ya mfagiaji. Hao ni wale wa mlango sahihi. Sasa wewe unayenakili programu kutoka kwenye flashi ya rafiki wa rafiki, au unayebonyeza tangazo linalopiga kelele kwamba kompyuta yako ina makosa 1,347, utajiju.

Tuchagueje basi?

Vijana wenzangu, baada ya safari yote hii mimi nachagua kwa maswali manne, na nawaachia nanyi.

Moja: diski yangu ni ya aina gani, ya sahani au ya chipu? Ya sahani inaweza kunufaika na kupangwa. Ya chipu iachie mfumo wake.

Mbili: daftari lake ni lipi? FAT32, NTFS, ext4, lolote lile. Programu isemayo wazi kwamba inalijua daftari hilo ndiyo ya kuzungumza nayo. Mara nyingi iliyokuja na mfumo wenyewe inatosha.

Tatu: naumwa nini hasa? Faili imefutwa, daftari limevurugika, kompyuta imekuwa nzito, au diski inakufa? Usipange diski inayotoa sauti za kukwaruza. Kupanga ni kuhamisha mizigo, na mgonjwa mahututi habebeshwi magunia. Na ukiwa unafufua faili, kilichofufuliwa kiweke kwenye diski nyingine.

Nne: nani aliyeitengeneza programu hii, na nimeipata kwa mlango gani?

Lakini kuna jambo la tano, nalo si programu. Mwaka 2007 watafiti wa Google, Pinheiro, Weber na Barroso, walichapisha uchunguzi wa diski zaidi ya 100,000. Diski za kisasa hujipima zenyewe kwa mfumo uitwao SMART, na programu nyingi za matunzo husoma vipimo hivyo na kukuambia mgonjwa anaendeleaje. Watafiti waligundua kwamba diski iliyoonyesha kosa la kwanza la kusoma ilikuwa na uwezekano mara 39 zaidi wa kufa ndani ya siku 60 kuliko isiyoonyesha. Basi ukiona dalili hiyo, usingoje. Ila waligundua pia kwamba zaidi ya asilimia 56 ya diski zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja kati ya dalili nne kubwa. Zilikufa zikiwa na cheti cha afya.

Hakuna programu ya matunzo inayoweza kukuahidi kesho. Norton, Gibson, ScanDisk na wengine wote walijaribu kurudisha mali baada ya hasara. Kilichopita salama katika zama zote hizo, kuanzia flopi hadi chipu, ni nakala ya pili iliyowekwa ghala jingine. Flashi kwa dada, kopi kwenye barua pepe yako mwenyewe, hata karatasi zilizochapwa kwenye stesheneri na kufungwa kwa uzi. Wachapishaji wetu wadogo hawana fedha za kumlipa mtaalamu wa kufufua diski, na sisi ndio kabisa.

Kwa hiyo naomba kwenye kikao kijacho tusisome kwanza. Tuanze kwa kila mmoja kuonyesha nakala yake ya pili iko wapi. Asiyekuwa nayo tumpe flashi, tumngoje anakili, kisha ndiyo tusikilize hadithi.